Kuonja kriek na ndugu zake: mwongozo wa bia za matunda za Ubelgiji

Maswali ni yaleyale. Mtu kanunua chupa ya kriek, bia ya cheri ya Ubelgiji, kafungua, kapiga funda moja, kisha anauliza: "Mbona kali kama siki, imeharibika?" Mwingine kanunua chupa yenye jina hilohilo na lalamiko lake ni kinyume kabisa: "Hii ni soda, bia iko wapi?" Wa tatu anaogopa yale mashapo ya chini ya chupa. Wawili wa kwanza wote wana haki, maana neno "kriek" linabandikwa kwenye vinywaji viwili visivyofanana hata kidogo. Ukishajua umeshika kipi, nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ni joto, glasi na subira.

Kabla ya yote: hii ni pombe. Rangi ya waridi na harufu ya matunda huwaponza wengi, hasa chupa ikiwekwa mezani pamoja na juisi. Zile nyepesi kabisa zina kilevi cha asilimia 2.5, zile kavu, yaani zisizo na utamu, hufika 6 au 7, sawa na bia kali ya kawaida au kuipita. Mgeni asiyetumia pombe aambiwe wazi, na glasi hizi zisikae mahali mtoto anapoweza kuzifikia.

Unachohitaji

- Chupa mbili au tatu za mililita 375. Kwa watu wanne chupa moja hutoa takriban mililita 85 kwa kila mtu, na hicho ni kipimo kizuri cha kuonja. Ukiweza, chukua moja tamu na moja kavu ya tunda lilelile. Tofauti yake itakufundisha kuliko maelezo yoyote.
- Glasi ya mvinyo kwa kila mtu, yenye tumbo pana na mdomo unaojikunja kwa ndani. Ile ndefu nyembamba ya shampeni hupendeza machoni lakini pua haipati kitu.
- Opena ya soda na kizibuo cha mvinyo, vyote viwili. Chupa nyingi za jadi zina kizibo cha bati juu na kizibo cha gome la mti chini yake. Watu hugundua hilo wakati duka limeshafungwa.
- Friji. Kipimajoto cha jikoni ukiwa nacho.
- Kitambaa, na jagi tupu karibu na mkono.
- Maji ya kunywa yasiyo ya barafu, na mkate mweupe usiopakwa kitu.
- Karatasi nyeupe na kalamu.

Vya kuondoa ni muhimu kama vya kuleta. Chumba kisiwe kimefukizwa udi siku hiyo. Usijipake manukato wala mafuta ya nywele yenye harufu kali. Pilipili, kahawa, sigara na dawa ya meno viachwe angalau saa moja kabla, na dawa ya meno ndiyo mbaya kuliko vyote, kwani bia chachu baada yake huwa chungu mdomoni.

Soma lebo kabla ya kufungua

Bia kavu za jadi zinatokana na lambiki, bia ya bonde la mto Zenne na eneo la Pajottenland, kusini-magharibi mwa Brussels. Aliyewahi kunywa mnazi ataelewa upesi. Mgema hatii hamira kwenye kibuyu chake, mnazi huchachuka wenyewe kwa vijidudu vya hewani na vya kibuyu. Mpishi wa lambiki naye huchemsha kimea cha shayiri pamoja na ngano isiyooteshwa, kiasi cha theluthi hivi, pamoja na hopsi (maua ya mmea yanayotiwa kwenye bia) zilizokauka na kuzeeka. Kisha humwaga uji huo kwenye beseni pana lenye kina kifupi, juu darini, ulale usiku kucha ukipoa na kupokea hamira za pori. Kazi hii hufanywa miezi ya baridi, takriban Oktoba hadi Aprili, kwa sababu joto huleta bakteria wasiotakiwa. Asubuhi inaingia kwenye mapipa ya mwaloni, na humo hukaa mwaka mmoja hadi mitatu.

Ndipo matunda yanapoingia. Kwa kriek ni cheri chachu, nzima na kokwa zake, gramu 200 kwa lita au zaidi, zinazolowekwa kwa miezi. Sukari yote ya tunda huliwa na hamira. Inabaki harufu, rangi, uchachu, na kutoka kwenye kokwa ladha kama ya lozi chungu. Kwa hiyo anayetafuta utamu humo anatafuta kitu kilichokwisha kuliwa.

Bia tamu hutengenezwa njia nyingine: lambiki changa, au bia nyingine kabisa, huchanganywa na juisi ya tunda na sukari au kitia-utamu, kisha huchemshwa kidogo ili hamira ife na utamu ubaki. Framboise (ya rasiberi) ya watengenezaji Lindemans yenye asilimia 2.5 na Kriek yao yenye 3.5 ndizo zinazojulikana zaidi. Hazina aibu yoyote. Zimekusudiwa kuwa hivyo.

Lebo zimeandikwa Kiholanzi au Kifaransa, na maneno machache yanatosha. "Oude" au "vieille" maana yake ya kale. Kwenye kriek, neno hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 1997, na bia yenye jina hilo haitiwi utamu. "Kriek" ni cheri chachu, "framboise" au "framboos" ni rasiberi, "pêche" au "perzik" ni pichi, "cassis" ni zile beri nyeusi za kutengenezea sharubati. Kisha nenda kwenye orodha ya viambato: "suiker" au "sucre" ni sukari, "zoetstof" au "édulcorant" ni kitia-utamu, "sap" au "jus" ni juisi. Ukiona mojawapo ya hayo, jiandae kwa utamu. Angalia pia kwamba watengenezaji wengine wa bia kavu hawaandiki "oude" popote. Cantillon wa Anderlecht, kwa mfano, huandika "100% Lambic" na ni kavu kabisa.

Kuna kundi la tatu lisilo la lambiki. Liefmans wa Oudenaarde hulaza cheri kwenye bia ya kahawia ya Flanders (kaskazini mwa Ubelgiji), na matokeo yake huwa katikati, na uchachu kiasi, utamu kiasi, na ladha ya sukari guru nyuma yake. Huyghe wa Melle hutia juisi kwenye bia nyeupe ya ngano na kuiuza kwa jina la Floris. Hao hao Huyghe hupika Mongozo ya ndizi, bia iliyoazima wazo lake kwenye pombe za ndizi za Afrika Mashariki. Mtu wa Kilimanjaro asitegemee mbege: ulezi haumo, na uzito wake haumo.

Mwisho tafuta tarehe. Tarehe ya kuisha kwenye bia kavu huwa mbali sana, miaka kumi hata zaidi, lakini hiyo ni ya bia, si ya tunda. Rasiberi hufifia mapema, inywe ndani ya mwaka mmoja hivi tangu ilipotiwa chupani. Cheri huvumilia miaka miwili, mitatu. Baada ya hapo unakunywa lambiki nzuri yenye kumbukumbu ya tunda. Zile tamu hazina faida ya kutunzwa hata mwezi mmoja.

Hatua kwa hatua

1. Pumzisha chupa. Isimamishe wima kwenye friji kwa saa 24. Kama imesafiri kwenye sanduku la ndege, ipe siku mbili au tatu. Mashapo yaliyotikiswa huifanya bia iwe na ladha ya hamira na uchungu usio wake, na aliyeonja siku ileile ya kushuka uwanja wa ndege huwa hajaionja. Usiiache juu ya kabati la jikoni, joto la Dar au Mombasa huimaliza harufu ya tunda kwa wiki chache.

2. Panga zamu. Kavu kwanza, za Flanders katikati, tamu mwisho. Ukigeuza, sukari itakaa ulimini na bia kavu itakayofuata itakuwa ndimu tupu. Ndani ya kila kundi anza na tunda jepesi: pichi, kisha rasiberi, kisha cheri, na "cassis" nyuma kabisa. Bia nne kwa kikao zinatosha. Baada ya hapo uchachu umeshachosha ulimi, na unachoandika ni kubahatisha.

3. Weka joto sahihi. Tamu: nyuzi 4 hadi 6, yaani moja kwa moja kutoka friji. Za Flanders: 8 hadi 10. Kavu: 10 hadi 13. Chupa ya mililita 375 iliyotoka friji huhitaji dakika 30 hadi 40 mezani kwenye nyumba ya Ulaya, lakini kwenye chumba cha nyuzi 30 dakika 15 hadi 20 zinatosha. Hapa ndipo kosa kubwa la wanywaji wa kwetu lilipo, wa "niletee ya baridi kabisa". Kriek kavu ikiwa baridi sana hufunga harufu zote, na kinachobaki ni ukali. Mtu anakunywa uchachu tupu halafu anailaumu bia. Kinyume chake, ile tamu ikipata joto hugeuka sharubati nzito.

4. Andaa glasi. Sabuni iliyobaki huua povu na kubadili harufu. Suuza kwa maji ya moto bila sabuni, pindua ijikaushe yenyewe, kisha nusa glasi tupu. Ikinuka kabati au kitambaa, suuza tena. Jaribio la haraka ni kulowesha glasi kwa ndani. Maji yakitanda kama shuka ni safi, yakijikusanya matone matone kuna mafuta.

5. Fungua taratibu. Kama kuna waya, weka kidole gumba juu ya kizibo tangu unapoanza kuulegeza, na chupa isielekee uso wa mtu. Shika kizibo, zungusha chupa. Kama ni kizibo cha bati chenye gome chini yake, toa bati kwa opena, futa juu ya gome kwa kitambaa kibichi, ingiza kizibuo wima katikati, kisha vuta kidogo kidogo. Ukungu juu ya gome si tatizo, chini yake ndipo pa kunusa. Unapohisi gome linapanda lenyewe, lizuie kwa kiganja litoke kwa mnong'ono. Mlio mkubwa hufurahisha watu, lakini mtikisiko wake huinua mashapo uliyoyasubiri siku nzima yatulie.

6. Mimina glasi zote kwa mkono mmoja. Inamisha glasi ya kwanza, mimina hadi theluthi, kisha hamia ya pili na ya tatu bila kuirudisha chupa wima. Kila unapoiinua na kuilaza tena, bia hurudi nyuma na kuchota mashapo. Ndiyo maana mikahawa ya Brussels hulaza chupa kwenye kikapu maalumu na kumimina humohumo. Simama ikibaki sentimita mbili chini. Usiimwage, itatumika hatua ya kumi.

7. Tazama. Weka karatasi nyeupe nyuma ya glasi, karibu na dirisha. Cheri changa ni nyekundu ya komamanga. Rasiberi huanza waridi na baada ya muda huelekea rangi ya ganda la kitunguu. Ukingo wa kahawia unasema umri. Povu la bia kavu huzimika upesi na hilo si kasoro, wakati tamu hubaki na povu la waridi zito. Ukungu kidogo ndani ya glasi ni kawaida kwa zile zisizochujwa.

8. Nusa kabla ya kunywa, mara mbili. Mara ya kwanza glasi ikiwa imetulia, pua juu ya mdomo wake, pumzi fupi tatu. Kisha funika kwa kiganja, izungushe mara mbili tatu, fungua na unuse tena. Katika kunusa huku tafuta mambo matatu kwa zamu, usiyatafute yote kwa pamoja.

Kwanza tunda. Wengi wetu hatukulelewa na cheri wala rasiberi, na mtu akiambiwa "nusa cheri" anabaki anatazama dari. Tumia matunda yako. Cheri chachu ipo kati ya zambarau na komamanga. Rasiberi mbivu hukumbusha juisi ya rozela iliyopoa kabla ya kutiwa sukari. Pichi iko jirani na embe linaloanza kuiva. Sasa jiulize: ni tunda bichi, tunda lililopikwa kama jamu, au ni pipi? Harufu ya pipi huashiria manukato ya kutengenezwa, au sukari nyingi. Ukisikia lozi chungu nyuma ya cheri, hiyo ni kokwa, na ni alama njema.

Pili shamba. Hamira ya pori iitwayo Brettanomyces huacha harufu ya ngozi, nyasi kavu, zizi la farasi. Mgeni hushtuka, mzoefu huitafuta. Kipimo chake ni hiki: iwe nyuma ya tunda kama moshi kwenye maziwa ya kibuyu, si mbele yake. Kwenye bia tamu usiitegemee.

Tatu uchachu. Harufu ya mtindi ni sahihi. Harufu ya siki kwa mbali pia ni sahihi, kwa mbali tu.

9. Onja, na usihukumu kwa funda la kwanza. Chukua kiasi cha vijiko viwili vya chai, zungusha mdomoni, meza. Funda hilo ni la kuuandaa ulimi. Hata mzoefu hukunja uso. Funda la pili, kubwa kidogo, ndilo la kazi. Lishike sekunde tano, livutie hewa kidogo kupitia meno, meza, kisha toa pumzi puani mdomo ukiwa umefumbwa. Tunda hurudi hapo, mara nyingi kwa nguvu kuliko uliponusa.

Sikiliza mahali. Uchachu wa mtindi ni wa mviringo, hujaza mate pembeni mwa ulimi kama ukwaju. Wa siki huchoma kooni. Ugwadu wa ubuyu, mkavu na wa unga, hutokea sana kwenye kriek kavu. Ukakasi, ule unaoshika fizi kama umekula bibo, hutoka kwenye maganda na kokwa na kwenye mwaloni wa pipa. Kidogo unapendeza, ukizidi mdomo unakuwa kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Uchungu wa hopsi usiutafute, kwa kuwa hopsi zilizozeeka huwekwa kwa ajili ya kuzuia bakteria na si kwa ladha. Kisha hesabu hadi kumi baada ya kumeza. Bia nzuri kavu bado iko mdomoni ukifika kumi. Bia tamu nzuri husafisha sukari yake yenyewe kwa uchachu. Midomo ikinata, uchachu haukutosha.

10. Subiri, rudia. Acha nusu ya glasi. Rudi baada ya dakika kumi, tena baada ya ishirini. Bia inapopanda kutoka nyuzi 10 hadi 14 tunda hufunguka, shamba hujitokeza, na ukali hulegea. Wengi huandika jambo tofauti kabisa mara ya tatu. Ndipo umimine yale mashapo kwenye glasi iliyobaki kidogo na uonje ukilinganisha. Hayana madhara, ni hamira na vipande vya tunda, ila huongeza uzito na kupunguza makali ya tunda. Wengine wanapendelea hivyo.

11. Andika papo hapo. Jina, tunda, mwaka kama upo, joto, na maneno matano tu: rangi, harufu, uchachu, utamu, kinachobaki. Sukutua kwa maji, tafuna kipande cha mkate, pumzika dakika tano, nenda kwenye bia inayofuata. Usitumie jibini kusafisha ulimi katikati ya kuonja. Mafuta yake hufunika uchachu na kila bia huonekana laini.

Chakula ni baada ya kuonja. Brussels hula kriek na mkate wa jibini laini nyeupe, figili na majani ya kitunguu. Kwa jikoni ya pwani, kavu hukaa vizuri na samaki wa kukaanga mahali ambapo ungekamulia ndimu, na rasiberi tamu na chokoleti nyeusi. Pilipili na bia chachu hugombana, ukali wa moja huchochea ukali wa nyingine. Barafu ndani ya glasi? Kwenye kuonja, hapana. Kwenye kunywa tu siku ya jua, Liefmans wenyewe huishauri kwa Fruitesse, bia yao tamu ya matunda, na wanajua walichokipika.

Mambo yakienda kombo

*Povu linafurika chupa ikifunguliwa.* Imetikiswa, ina joto, au ina sukari iliyoendelea kuchachuka. Usijaribu kuizuia kwa kidole, itakurukia. Mimina kwenye jagi mara moja, subiri povu litulie, gawa. Chupa zilizobaki za aina hiyo zipoze hadi nyuzi 5 kabla ya kufungua, kisha ziache zipate joto ndani ya glasi.

*Haina gesi kabisa.* Soma lebo tena. Zipo lambiki zinazouzwa kimya bila mapovu, kwa makusudi. Kama lebo haisemi hivyo, kizibo kimevuja. Kama pia inanuka siki, jibu umepata.

*Inanuka boksi lililolowa au ukungu wa stoo.* Gome la kizibo limeharibika. Kusubiri hakusaidii, itazidi. Fungua chupa nyingine ya aina hiyo kabla ya kuihukumu bia.

*Inanuka kicheche.* Mwanga umeipiga hopsi kupitia chupa. Hutokea kwa chupa za kijani zilizokaa dirishani mwa duka. Nunua iliyokuwa ndani ya boksi au nyuma ya rafu.

*Inanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha.* Hewa iliingia kwenye pipa. Kwa mbali huvumilika na hata kupungua glasi ikizungushwa. Ikiwa ndicho kitu cha kwanza unachonusa, achana nayo.

*Inavutika kama ute wa bamia.* Ni bakteria waliotengeneza ute ndani ya lambiki changa. Wabelgiji husema bia "inaumwa". Haina sumu, na Brettanomyces huula ute huo polepole. Kama una chupa nyingine za siku moja na hiyo, zilaze mahali pa baridi pasipo na mwanga na uonje moja baada ya miezi sita.

*Ladha ya kizimba cha panya, inayotokea baada ya kumeza.* Hainuswi kwenye glasi kwa kuwa uchachu huificha. Mate yakishaupunguza uchachu, sekunde kumi baadaye, inaibuka. Si kila mtu anaihisi, hivyo watu wawili mezani wanaweza kubishana na wote wakawa wakweli. Dawa yake ni muda chupani tu, na si lazima ipone.

*Siki imetawala.* Kwanza ipandishe joto hadi nyuzi 12, mara nyingi tatizo ni ubaridi. Ikiwa bado inachoma koo, hiyo ni siki ya kweli. Weka kwenye kachumbari.

*Rasiberi haina rasiberi.* Imezeeka. Hakuna kosa la kuonja hapo, umechelewa tu.

*Tamu kupita kiasi.* Changanya na lambiki kavu isiyo na tunda, ile iitwayo gueuze. Anza na sehemu mbili za tamu kwa moja ya kavu, ongeza kidogo kidogo. Hakuna anayekukataza, uchanganyaji ndiyo kazi yenyewe ya watengenezaji hawa.

*Kavu imekushinda kabisa.* Wazee wa Brussels walikuwa na njia yao. Mkahawani uliletewa vipande vya sukari na kijiti cha chuma cha kupondea, ukaipunguzia ukali bia yako mwenyewe ndani ya glasi. Nusu kijiko cha chai kwa mililita 85 kinatosha, koroga pole kwani povu litapanda. Onja, kisha punguza kwenye glasi inayofuata.

*Imebaki nusu chupa.* Tamu itavumilia siku moja friji ikiwa imefungwa vizuri. Kavu huvumilia mbili, bila gesi lakini na tunda lake. Baada ya hapo iende sungurani: kaanga vipande vya sungura na vitunguu vingi hadi viwe vya kahawia, mwagia kriek kavu na kijiko cha sukari, funika, moto mdogo saa moja na nusu. Kuku wa kienyeji anakubali mapishi hayohayo, ila muongezee nusu saa.